Pedali Mbili Zisizolingana Sauti

Kaka yangu Bakari,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kuulizana hali. Yako naijua. Yangu, kila anayeniuliza namjibu "salama", na sidhani kama nadanganya. Nakula, nalala, asubuhi nafagia uwanja wa Mama hapa Mabawa. Siku ya arobaini yako nilisimamia sufuria za pilau tangu alfajiri, watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukizuia.

Wiki ile ile wifi Zuhura aliniita chumbani kwake, yumo edani, akanipa mfuko wako wa turubai. "Mimi hivi sijui hata vinawashwaje," akasema. "Chukua wewe, ndiwe uliyekuwa naye huko kwenye muziki." Ndani mlikuwa na waya zako, betri mbili zilizokufa, na zile pedali: ya njano, ovadraivu, na nyekundu, distoshen. Visanduku vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, vya kulifanya gita lenye sauti safi likwaruze.

Unakumbuka siku ulipozileta? Uliziunganisha sebuleni, ukakanyaga nyekundu, ukapiga. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Bakari, hilo gita linaumwa?"

"Haliumwi, Mama. Linalia."

"Basi libembeleze, majirani wanasikia."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaniita mimi, ukanipa gita nijaribu. Ulinionyesha kwamba ya njano inaufuata mkono: ukigusa taratibu inakwaruza kidogo, ukikaza nayo inakaza. Nyekundu haikujali mkono. Ukigusa ukigonga, ilitoka nzito vile vile. Uliipenda nyekundu. Mle sebuleni ilijaza nyumba nzima.

Mwaka ule ndipo uliponiingiza bendi niwe fundi mitambo. Wenzako walisema mwanamke hawezi kukaa kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, ataongoza vipi sauti za wanaume saba? Ulisema neno moja tu, nami nilikuwa nyuma ya mlango nikasikia: "Masikio ya mdogo wangu nayaamini kuliko yangu." Nikakaa kwenye ile mikisa miaka sita.

Sasa Pangani.

Ilikuwa Idi Pili, mchana, uwanja umejaa watoto wenye nguo mpya na kina mama chini ya maturubai. Wimbo wa pili ukapiga ubeti kwa ya njano, ukasikika vizuri. Ikafika soloo yako, ukakanyaga nyekundu, na gita likazama. Ngoma nilizisikia, tarumbeta, besi ya Hamisi, wewe sikukusikia. Ukanipa ishara ya kidole: juu. Nikapandisha. Soloo ikaisha, ukarudi kwenye ya njano, spika zikapiga yowe, watoto wakaziba masikio. Nikashusha haraka. Soloo ya wimbo wa tatu ukazama tena. Juu, ukaonyesha. Nikapandisha. Yowe. Nikashusha. Kufika wimbo wa tano ulikuwa hunionyeshi tena kidole. Ulikuwa unanitazama.

Mimi nilidhani unanichezea, unageuza vitufe vyako makusudi ili nionekane sijui kazi. Wewe ulidhani ninakushusha kila unapotaka kung'ara. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kisha ukaishika maikrofoni. "Mtusamehe jamani," ukasema, "fundi wetu leo hataki nisikike." Uwanja mzima ukacheka. Akina mama wakageuka kunitazama.

Mlipoanza wimbo wa mwisho niliweka kidole kwenye kitufe cha gita lako, nikakiteremsha mpaka chini kabisa. Sauti zote zikatoka kwenye spika kubwa isipokuwa yako. Ulikuwa na amplifaya yako ndogo pale jukwaani, inayowafikia ninyi tu mliosimama karibu. Ulipiga soloo ndefu, umefumba macho, mbele ya watu ambao hawakusikia hata uzi mmoja.

Tuliporudi, gari ilisimama Kigombe. Ulishuka ukanunua samaki wa Mama, ukanipitishia dirishani fungu lile. "Shika," ukasema. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kauli yako. Wiki iliyofuata niliacha bendi. Baada ya hapo, mbele ya Mama, ilikuwa shikamoo na marahaba. Miezi minane, kaka. Kisha ukaanguka ukitia udhu wa adhuhuri, hospitali wakasema presha, na saa kumi jioni tukawa tumeshakuzika. Nilisikia vizuri kila nilichoambiwa siku ile. Nilijibu kila mtu. Nilikumbuka hata kuzima jiko.

Mfuko wako ulikaa sebuleni muda bila kufunguliwa tena. Jumamosi moja asubuhi nikatia betri mpya, nikaunganisha gita lako na ile mikisa ndogo ya mazoezi. Sikuwa natafuta kitu. Nilikanyaga ya njano, nikapiga: taa za mikisa zinazopima sauti zikapanda mpaka ile ya juu kabisa. Nikakanyaga nyekundu, nikapiga pigo lile lile: zikasimama katikati. Nikatazama kitufe chake cha sauti, ulishakifungua mpaka mwisho. Nikapiga kwa nguvu, katikati. Nikapiga kwa ncha ya kidole, karibu pale pale. Masikioni mwangu ilikuwa bado kubwa, nene, imejaa sebule. Lakini sebuleni hamna ngoma wala tarumbeta za kushindana nayo. Nyekundu inakwaruza sana na kuibana sauti, kilichobaki kutoka ni kidogo. Ya njano inakwaruza kidogo na kusukuma sana. Wewe ulizirekebisha ukiwa peke yako nyumbani, na nyumbani zote mbili zilisikika sawa.

Dawa yake ilikuwa kupunguza ya njano mpaka zilingane, kisha mimi nilipandishe gita mara moja na kuliacha. Nilifanya hivyo hapo hapo. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Nikazikanyaga kwa zamu, njano, nyekundu, njano, taa zikawa zinafika mahali pamoja. Nikangoja nilie. Mama akapita, akauliza, "Ni Bakari huyo?" kisha akaendelea na safari yake ya uani.

Kwa hiyo hukunichezea. Na mimi mpaka wimbo wa tano sikukushusha kwa ubaya. Wimbo wa mwisho ni wangu, huo hauna pedali.

Juzi Hamisi alikuja kumsalimia Mama. Nilikuwa namenya mihogo. Nikamwambia bila kuinua kichwa, "Hamisi, siku ile Pangani nilimfungia sauti kaka yangu."

"Tunajua," akasema.

"Naye alijua?"

"Tangu mwanzo wa soloo. Spika kubwa ziko mbele yetu, tutakosaje kujua? Nilimwambia aache. Akasema, acha nimalize."

"Alikasirika?"

"Sikuona hasira. Aliona haya, nadhani. Kwa lile neno la kwenye maikrofoni."

Nikamkaribisha chai. Akanywa, akaondoka. Nikamaliza mihogo, nikaichemsha, tukala.

Basi ulijua nilichokufanyia, na sina la kukuomba ila radhi, nami nakuomba. Lakini lipo usilolijua wewe wala Hamisi. Kwenye mikisa pana kidude, ukikibonyeza, chombo kimoja kinakuja peke yake kwenye visikilizio vya fundi hata kama spika zimefungwa. Nilikibonyeza. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka kuhakikisha umenyamaza kweli. Visikilizio vilikuwa masikioni mwangu wimbo mzima. Bila ngoma, bila besi, bila uwanja. Wewe tu. Ile sehemu uliyopanda, ukakosea, ukarudi ukaligeuza kosa lako likawa njia mpya, niliisikia. Na pale mwisho ulipoachia uzi mmoja ukalia mpaka ukaisha wenyewe, niliusubiri ukaisha.

Hujawahi kupiga vile. Nilisikia yote, kaka.

Mdogo wako,
wa kwenye mitambo