Skrubu Sabini na Tatu

Mwalimu,

Sauti nimeichagua. Usiinue mkono kwanza, nisikilize mpaka mwisho. Halafu nakumbuka kwamba huwezi kuinua mkono tena, na bado, hapa nilipoketi, bega langu la kulia limeshapanda kulinda sikio. Mwaka mzima uko chini ya udongo wa Mitaboni, na mimi, mzee wa miaka hamsini na mbili mwenye kitambi na miwani ya kusomea, nakuandikia barua nikiwa nimejikunyata. Ungecheka. Ulipenda sana kucheka baada ya kupiga.

Habari za huku ni hizi. Parokia imenunua kibodi mpya, ile aina inayobeba bendi nzima tumboni: ngoma, besi, tarumbeta, nyuzi, mpaka makofi ya watu wasiokuwepo. Kamati ya kwaya iliamua kwamba Jumapili hii, kwenye Misa yako ya mwaka mmoja, lazima piano ya umeme isikike kama ile ya Mwalimu. Kazi ya kuitafuta sauti hiyo humo ndani nikapewa mimi. Walisema ni kwa sababu nimekaa karibu na piano yako kuliko mtu yeyote. Ni kweli. Nilikaa karibu nayo kama mahindi yanavyokaa karibu na jiwe la kusagia.

Wewe ulikuwa na kawaida ya kusahau uliyempiga, kwa hiyo acha nikukumbushe. Nilikuja kwako nikiwa mwanamume wa miaka ishirini na minne, nina ndevu, nina kazi ya kuvunja mawe kwenye machimbo ya Mlolongo. Ulinikalisha mbele ya ile piano nzito ya umeme uliyoitoa kwenye hoteli iliyofungwa, ukaniambia nibonyeze. Nikabonyeza. Ikalia kama kengele ya mbuzi aliye ng'ambo ya bonde.

"Hiyo ni sauti ya maiti," ukasema. "Piga ingurume."

Nikapiga kwa nguvu zaidi. Haikunguruma. Ndipo ukachomoa kijiti cha ngoma kwenye koti ukanichapa nacho vidoleni, mara tatu, bila hasira yoyote, kama mtu anayekung'uta vumbi. Nilikuwa nimezoea kuponda mawe kwa nyundo kutwa nzima, lakini sikuwa nimewahi kulia mbele ya mwanamume mwingine.

Na mwishowe ilinguruma. Hilo ndilo lililotuharibu. Mtu akiishukia kwa nguvu zake zote, bega likiwemo, ile piano ilitoa mngurumo mchafu, mtamu, kama mbwa mkubwa anayeota. Waumini wakiusikia walifumba macho. Sisi wapigaji tulikuwa tunaangalia kucha zetu kama zimetoka damu. "Sauti ya kweli iko chini ya pigo," ulikuwa ukisema, na tuliliamini hilo kama Kanuni ya Imani.

Kidole changu cha pete ulikivunja Jumamosi, kesho yake ikiwa Matawi. Ulinifungia kifuniko cha piano juu ya mikono kwa sababu niliingia kabla ya sopurano. Nilisikia mfupa ukikatika kabla sijasikia maumivu. Mpaka leo hakikunjiki. Nikishika chodi, chenyewe kinabaki kimesimama kama muumini aliyesahau kuketi baada ya Injili. Watoto wa kwaya wanakipenda. Huwa nawaambia nilikivunja nikipigana na chui.

Na ile harusi ya Kithimani. Mpiga gita wako alichelewa kuingia kwenye kiitikio, ukamrukia na stendi ya maikrofoni bibi harusi akiwa bado anatembea. Ulimpasua kipaji cha uso, damu ikaruka mpaka kwenye keki. Mama wa bibi harusi alikikata kile kipande chenye damu taratibu, akamtupia mbwa, akasema, "Endeleeni kuimba, wageni wamekaa." Na tukaendelea. Miaka mingi nimekisimulia kisa hicho kwenye kila sahani ya mahindi ya muthokoi, na watu wamekuwa wakishika mbavu. Sijawahi kusimulia kwamba yule jamaa haoni vizuri jicho la kushoto.

Sasa Mlolongo. Hapa nitaandika polepole.

Ilikuwa mchana, jua kali, tunatoka kupiga kwenye uzinduzi wa kanisa dogo, piano imelala nyuma ya pikapu na mimi nimekaa juu, nimeshika furushi la waya. Lori lililokuwa likingoja mizani likarudi nyuma likatukwaruza. Mkwaruzo mdogo tu. Ukashuka. Dereva naye akashuka akianza kuomba msamaha, nilimsikia, alishasema "Pole, mzee," na wewe ukamzaba kofi. Moja. Lile lako la mkono wenye pete.

Huyo hakuwa mwanafunzi wako. Alirudi kwenye lori akatoka na spana ya tairi. Pigo la kwanza lilikupata sikioni. La pili lilikupata mdomoni, na nikaona meno yakianguka kwenye changarawe. La tatu sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeficha uso kwenye zile waya. Nililisikia tu. Kisha akapanda kwenye pikapu, akanipita kana kwamba mimi ni gunia, akaanza kuipiga piano. Watu walipofika walitaka kumchoma moto, na polisi wakamnyakua wakati petroli imeshaletwa. Bado yuko ndani, kesi inasikilizwa hapa Machakos.

Mwalimu, sikushuka. Hilo watu wote wanalijua, na wananisamehe kwa sababu ya kitambi. Wasilolijua ni hili: lile pigo la kwanza lilipokupata, kabla sijaogopa, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichosema, "Leo umempata wa kukurudishia." Ilikuwa ni muda wa kupepesa jicho. Lakini ningepiga kelele wakati huo, labda ungegeuka.

Kwenye mazishi waliniomba niseme neno. Nikasema, "Mwalimu alitufundisha kwa upendo." Kwaya nzima ikaangalia chini, kila mtu akitazama vidole vyake.

Basi, turudi kwenye kibodi. Kwa kuwa kidole changu hakifai, atakayepiga Jumapili ni Mwende, binti yangu, yule uliyekuwa ukimwita Msumari kwa wembamba wake. Ana miaka ishirini sasa, yuko chuo, na anapiga kuliko mimi na wewe tukichanganywa. Tuliiweka kibodi sebuleni tukaanza kuchuja. Humo ndani kuna sauti kumi na nne zinazojiita piano ya umeme. Tulizima kwanza mwangwi na mapambo yote, maana mapambo yanaficha uongo. Kila sauti tuliipiga noti moja kwa upole, kwa wastani, kisha kwa nguvu, tukaiacha ife yenyewe huku tunasikiliza inavyokufa. Nyingi zilikuwa maji ya sukari. Moja ililia kama saa ya ukutani. Nyingine ilikuwa nzuri mpaka ukipiga kwa nguvu, na hapo ikawa inapaza sauti tu bila kubadilika, kama mwanasiasa. Mwisho zikabaki mbili, na moja ilikuwa na kile kikohozi kidogo ambacho piano yako ilikuwa nacho ukiinua kidole.

"Baba, ni hii," Mwende akasema. "Hii iko sawa kabisa."

"Haingurumi. Piga ingurume."

"Nikigonga hivyo sitamaliza hata wimbo wa mwanzo. Na hii kitu ni ya plastiki, Baba, si jembe."

Mama Mwende ni fundi cherehani. Rula yake ya mbao ilikuwa pale mezani. Nilimchapa binti yangu vidoleni mara mbili, na ya tatu, kwa sababu aliinama, ikampata shavuni. Bila hasira. Hilo ndilo linaloniamsha sasa. Nilikuwa nakung'uta vumbi.

Hakulia. Aliutazama mkono wake, akaufungua na kuufunga kuona kama unafanya kazi, kisha akasema, "Sasa wewe ni yeye." Akachukua begi lake, akaenda kwa shangazi yake mjini. Simu zangu hakushika. Mama yake alichukua ile rula akaivunja kwenye goti, akarudi kushona, na kwa siku tano sikusikia neno nyumba nzima ila mlio wa cherehani.

Ungedhani nilijuta palepale. Hapana, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako. Nilitaka kwanza kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi. Nikaenda kwako nyumbani kuomba mabaki ya piano, nipate kusikia mngurumo wa kweli na kumwonyesha yule mtoto unavyotoka.

Mke wako alikuwa uani anachambua mbaazi. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, naomba kuifungua ile piano ya Mwalimu." Hakuinua uso.

"Fungua. Hiyo kitu ilikuwa ikikataa kunguruma huko kanisani, mimi ndio nilikuwa najua hapa jikoni."

Nilisimama nimeshika bisibisi kama mjinga. Miaka yote hiyo nilidhani tulikuwa tunapigwa sisi wa kwaya peke yetu.

Piano ilikuwa ghalani chini ya magunia. Spana ilikuwa imepasua kifuniko na kuuponda upande wote wa kulia, lakini upande wa besi ulikuwa mzima. Sikuwahi kuiona ndani, maana hukutaka mtu aiguse. Mle kuna vijiti vya chuma vimepangwa kama meno ya kitana, kila kimoja na nyundo yake ndogo ya kukigonga, na mbele ya kila kijiti kuna sumaku inayoshikilia ile sauti na kuipeleka kwenye spika. Kila sumaku imekaa kwa skrubu yake. Nikaunganisha waya, nikabonyeza. Kengele ya mbuzi.

Halafu nikaona alama. Nyuma ya kila skrubu chuma kilikuwa kimeparara kwa kutu, na mbele yake palikuwa na mstari safi, mweupe, pale sumaku ilipokaa zamani. Zote zilikuwa zimerudi nyuma. Ni zile barabara za kokoto, Mwalimu, miaka yote ya kuibeba Kithimani, Kathiani, Mlolongo, ikitikisika, tangu kabla mimi sijaja kwako. Skrubu zililegea kidogo kidogo, sumaku zikasogea mbali na vijiti, na tangu hapo ilikuwa lazima mtu apige kama anaua nyoka ndipo sauti ifike.

Nikaisogeza moja mbele, kiasi cha unene wa ukucha, nikaikaza. Nikabonyeza kwa kile kidole kisichokunjika, ambacho hakina nguvu hata ya kuponda kunguni.

Ikanguruma.

Mbaazi zilinyamaza uani. Mke wako akaja mlangoni. "Umegonga?"

"Nimegusa tu."

Nikamgusia tena. Akasimama akasikiliza mpaka sauti ikafa. Akauliza skrubu kama hizo ziko ngapi. Nikamwambia sabini na tatu. "Hiyo ni kazi ya asubuhi moja," akasema. Akaingia ndani akafunga mlango, nikasikia sahani zikivunjika ukutani, moja moja, bila haraka, mpaka kabati likaisha. Alipotoka aliniletea chai kwenye kikombe cha bati.

Sikuambii kwamba skrubu ndizo zilizokosa. Piano ingeweza kuwa bubu kabisa, na mkono bado ungekuwa wako. Na rula ilikuwa yangu. Nakuambia tu kwamba kile tulichoambiwa kiko chini ya pigo hakikuwa pale.

Nikarudi kwenye kibodi. Kwenye ile sauti aliyoichagua Mwende, ndani kabisa, kuna mahali pa kuweka umbali wa sumaku. Nilikuwa nimepapita kila nilipopekua nikidhani ni madaha ya wenye kiwanda. Chini yake kuna mahali pa kuchagua uzito wa mguso. Nikaisogeza sumaku karibu, nikauweka mguso kwenye mwepesi. Nikagusa. Alikuwa sahihi, ni yenyewe, na kikohozi chake. Na iliponguruma hivyo kwa kidole kimoja, mimi nilijikunyata peke yangu sebuleni, nikingoja kijiti cha ngoma. Ndiyo maana nasema ni sauti ya kweli. Sina kipimo kingine.

Jana nilipanda mjini kwa shangazi yake. Nilimweleza Mwende habari za skrubu, nikamweleza habari za pikapu na zile waya, mpaka ile sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia nilichomfanyia hakina sababu, wala yangu, wala yako. Shavu lake bado lina umanjano. Alinisikiliza akinitazama mikono, siyo uso. Alipomaliza kunywa maji akasema, "Nitapiga Jumapili. Lakini Baba, usikae mahali naona mikono yako."

Kwa hiyo Jumapili sitakuwepo kwenye kiti changu kando ya kwaya. Nitakuwa nje, nyuma ya kanisa, na kina mama wa sufuria, nikimenya vitunguu. Nimeshawaambia. Wamenicheka, wamesema nitalia mapema.

Ahadi yangu ni hii, nimemwambia Mwende na mama yake, na sasa nakuambia wewe uliyenifundisha kinyume chake: mkono huu haumpigi mtu tena. Siombi waniamini. Mkono ukiinuka, mama yake anajua pa kuniwekea begi langu. Na siku ya kesi nitasema yote, pamoja na "Pole, mzee" na kofi.

Kwaheri, Mwalimu. Nimekuogopa kuliko nilivyokupenda, na nilikupenda sana. Nikimsikia binti yangu anapiga vizuri humo ndani, sitaingia. Nitasimama nje mpaka aniite mwenyewe. Asiponiita, nitakula chakula changu hukohuko kwenye moshi, niende nyumbani, nikamngoje.

Ni mimi,
Mbithi