Nilimbadilishia Mume Wangu Kompyuta Akiwa Hospitalini, na Sijutii

Mpendwa Shangazi Marcella,

Naomba msaada wako, lakini nikuonye mapema kwamba sikuandikii ili uniambie nirudi nyuma, maana hilo binti yangu ameshaniambia, jirani ameshaniambia, hata muuza mikate ambaye hajaulizwa ameshaniambia, na wote nimewapa jibu moja, sirudi.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita, nimekaa ofisini kwenye kiwanda cha mazulia miaka ishirini na saba, na miaka minne iliyopita kompyuta yangu, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, iliniandikia kwenye kioo chake kwamba haifai kupokea mfumo mpya wa kampuni na kwamba eti ninunue nyingine, nami nikaitazama nikasema mimi mwenyewe nina mgongo mbovu na meno ya bandia na hakuna aliyethubutu kuniandikia kwamba sifai, basi Jumamosi nikaitia kwapani hadi ukumbi wa parokia, ambako watu wa kwetu hukutana kutengenezeana redio na baiskeli, na pale akanipokea Fons, dereva wa treni mstaafu na rafiki wa mume wangu tangu ujana, akachomeka flashi ndogo, na kabla sijamaliza kipande changu cha keki kompyuta ileile ikawaka na Linux, mfumo huria usio mali ya kampuni yoyote, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua aone ulivyotengenezwa, akaurekebisha, akampa jirani yake bila kuomba ruhusa.

Shangazi, siku ile nilijiona mtu. Nilijifunza lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikakosea, nikafuta picha za ubatizo wa mjukuu wangu, nikazirudisha, printa ikanigomea wiki mbili mpaka nikaikomesha, na leo chini ya ngazi yangu kuna kompyuta iliyotupwa na kiwanda ambayo nimeigeuza seva kwa mikono yangu, inahifadhi picha za ukoo na nota zote za kwaya, imewaka siku mia nne bila kuzimwa, na waimbaji thelathini na mmoja wanaitegemea bila kujua kwamba inakaa jirani na ndoo ya deki.

Sasa mume wangu. Nimwite Omer. Omer anafuga njiwa wa mashindano, wako arobaini na wawili, na bandani mwao alikuwa na kompyuta yenye mfumo wa kampuni wa zamani kiasi kwamba kampuni yenyewe imeshausahau, ukiiwasha unaweza kumenya viazi vya familia nzima ukamaliza ndipo ifunguke, na kila siku inatoa vitisho vya virusi, nami nimemwambia na kumwambia, na kila mara ananijibu, "Mama Katrijn, wewe shughulika na kwaya yako, njiwa niachie mimi."

Januari akalazwa kufanyiwa upasuaji wa goti. Siku nane. Nikaona nafasi ndiyo hii, nikachomoa diski yake ya zamani, nikaweka mpya yenye kasi, nikamwekea Linux, nikanakili mafaili yake yote, hata moja halikupotea, na kwenye kioo nikamwekea picha ya Blauwke, yule njiwa wake wa buluu aliyewahi kurudi wa kwanza kutoka Limoges, kule Ufaransa. Akarudi na mkongojo. Nyama niliyompikia kwa bia iko jikoni inatokota, yeye akaipita, akanipita na mimi, moja kwa moja bandani. Nikamfuata na aproni yangu nikingoja kushukuriwa. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua faili moja baada ya jingine.

"Njiwa wangu wako wapi?"

"Wako juu, nimewalisha mwenyewe asubuhi."

"Siulizi hao. Nauliza wa humu ndani."

Kumbe alikuwa na programu ya kuandika ukoo wa njiwa, nani kamzaa nani, nani karuka lini na upepo ulikuwaje, miaka kumi na tisa, na programu hiyo ilitengenezwa na mtu mmoja ambaye alishafunga duka lake zamani, haiuzwi tena popote, na kwenye mfumo wangu haikubali. Faili lenyewe ninalo, nimelinakili, lakini halifunguki. Nilihangaika nalo wiki tatu, nikatumia programu inayouiga mfumo wa zamani, nikaambulia ukurasa mzima wa alama za kuuliza.

"Unaona?" nikamwambia. "Hao ndio unaowatetea. Wamekufungia njiwa wako ndani ya sanduku lao, leo hata wewe mwenyewe huwaoni."

"Walifungiwa, sawa," akasema. "Lakini ufunguo nilikuwa nao. Wewe ndiye umeutupa."

Tangu hapo hanisemeshi. Akitaka chumvi anampigia simu binti yetu Katrijn, na Katrijn ananipigia mimi. "Mama, mrudishie baba takataka yake, akae nayo, inakuuma nini?" Nikamjibu kwamba inaniuma, na itaendelea kuniuma.

Hapa ndipo penye shida, Shangazi, na hili sijamwambia mtu. Omer aliponiuliza diski yake iko wapi, nilimwambia nimeipeleka kwenye kituo cha taka. Uongo. Imo kwenye droo ya cherehani yangu, nimeifunga kwa taulo la jikoni. Nilisema vile kwa hasira, halafu nikaona afadhali, kwa sababu namjua mume wangu, akipewa njia ya kurudi kwenye mfumo wake ataishika ndani ya saa moja, na mimi nilitaka asiwe na njia. Fons naye akaja kunisihi. "Shemeji, ile diski ikipatikana, wale njiwa tunawatoa wote na tunawaandika upya. Kweli uliitupa?" Nikamwangalia machoni nikasema kweli.

Jumanne iliyopita Omer alipanda basi na mkongojo wake akaenda kituo cha taka, akawaomba wafanyakazi wa pale wamwache apekue kontena la vyombo vya umeme. Miezi miwili baadaye, Shangazi. Alirudi mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akainawa kwenye sinki akiwa amenipa mgongo, na mimi niko pale pale nakata saladi. Kesho yake akampigia simu mtu mmoja wa mji wa Aalst aje Ijumaa ijayo kuchukua njiwa wote. Katrijn anasema baba yake amemwambia kwamba mfugaji asiyewajua baba na mama wa njiwa wake si mfugaji, na mashindano ya kwanza ni Aprili. Ninajua Omer bila njiwa atakuwa mtu gani. Atakaa dirishani mpaka wamtoe amelala.

Lakini pia nasema, na nasimamia hapo, mfumo nilioweka ni bora, na nikimpa ile diski nitakuwa nimeumbuka kwa uongo, nimeshindwa, na kampuni imerudi nyumbani kwangu kupitia mlango wa bandani. Nifanye nini, bila kurudi nyuma?

Ni mimi, Mwenye Seva Chini ya Ngazi

*

Mpendwa Mwenye Seva,

Kabla hujanipanga upande wa kampuni, jua kwamba jibu hili naliandika kwenye Linux, kwenye kompyuta ambayo mhariri wangu ameniomba mara tatu niitupe, na mara tatu nimekataa. Kwa hiyo mimi na wewe tuko kambi moja, na ndiyo maana leo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika "nikamuuliza Omer". Sikupaona. Umemwambia, umemwonya, umembishia, umengoja alazwe. Kumuuliza, hapana. Miaka minne iliyopita ulipandwa na hasira kwa sababu mtu usiyemjua aliamua jambo juu ya kompyuta yako, ndani ya nyumba yako, bila idhini yako. Nakuomba unionyeshe tofauti. Wale angalau walikuandikia ujumbe kwenye kioo. Wewe ulisubiri mwenzio achomwe sindano ya usingizi. Na walipokuambia ununue nyingine, hakuna aliyekuja kukuchomolea ya zamani na kuificha kwenye droo. Uhuru uliompelekea mumeo ni wa kulazimishwa, dada yangu, na akikuchukia kwa huo ana haki.

Kuhusu yule mtengenezaji na programu yake uko sahihi, na sitaki ujidharau. Kuweka miaka kumi na tisa ya maisha yako ndani ya kitu kinachofunguliwa na ufunguo mmoja tu, wa mtu mwenye duka lililofungwa, ni kujitafutia kilio. Hata usingeigusa ile kompyuta, siku moja diski ingekufa yenyewe na njiwa wote wangekwenda nayo. Omer anahitaji kulisikia hili. Ila ulilianza kwa mkono badala ya mdomo, sasa itabidi usubiri zamu yako ya kusema.

Uongo ndio unaokula nyumba yako. Kompyuta ni kisingizio. Mtu mzima mwenye goti jipya amechimba kwenye kontena la vyombo vibovu akitafuta kitu kilicho hatua kumi na tano kutoka kitandani kwake, na wewe ulikuwa unakata saladi. Nimekasirika kuliandika, na natumaini umekasirika kulisoma.

Sasa sikiliza. Leo, mchana kweupe, chukua ile diski kutoka kwenye droo na bisibisi, nenda bandani. Usiirudishe kwenye kompyuta wewe mwenyewe. Usimngoje alale. Mpe mkononi, useme, "Nilikudanganya. Sikuitupa." Kisha nyamaza. Neno "lakini" liache jikoni, na ukilisikia linapanda kooni, limeze. Akifoka, mwache afoke. Akikusimulia kontena lile tangu mwanzo hadi mwisho, msikilize hadi mwisho. Kuhusu mtu wa Aalst usiguse simu. Ni yeye aliyempigia, na akitaka atampigia tena kumwambia asije.

Akishatulia, iwe siku ileile au wiki ijayo, muulize kama Fons anaweza kuja. Narudia, muulize. Akikubali, kitu cha kwanza Fons atoe nakala ya diski nzima kabla mtu yeyote hajaichezea, maana imezeeka na imelala na mikasi ya droo ya cherehani. Halafu waiwashe ile programu ya zamani, wachapishe ukoo wote kwenye karatasi, na muuandike upya kwenye jedwali la kawaida ambalo mfumo wowote duniani unalisoma. Omer asome majina, wewe uandike. Ni kazi ya michana mingi, mkikaa bega kwa bega, na sijui kama mnaikumbuka hiyo kazi. Mfumo wa zamani ukiwa umewashwa, umshauri Omer achomoe waya wa mtandao. Njiwa hawahitaji intaneti kujua njia ya nyumbani.

Na kazi ikiisha akasema anataka mfumo wake wa kizamani ubaki, unabaki. Miaka minne umesimama mbele ya watu ukisema kompyuta ni ya mwenyewe na mwenyewe ndiye anayeamua. Ilikuwa rahisi kulisema mwenyewe akiwa wewe.

Na hiyo seva yako, siku mia nne bila kuzimwa si sifa. Maana yake ni kwamba masasisho ya kiini chake yamekungoja mwaka mzima na zaidi uizime na kuiwasha yaanze kazi. Iwashe upya, kwaya itavumilia dakika tatu.

Umeniuliza ufanye nini bila kurudi nyuma. Sikuambii urudi. Nakuambia uende mbele, mpaka bandani, na uende upesi, kwa sababu nimebadilisha majina na rangi ya yule njiwa wa Limoges, lakini wafugaji wa wilaya nzima watamjua Omer kabla ya kumaliza aya ya tano. Nilifikiria kuizuia barua hii. Nikaona yaliyozuiwa nyumbani kwako yametosha. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza kwa barua pepe. Gazeti linaingia madukani Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, na ukurasa wa habari za njiwa unachapishwa nyuma ya ukurasa huu. Omer atalifungua na kahawa yake, atasoma wa kwake kwanza, kisha atageuza.

Mtangulie.

Shangazi Marcella