Mkwe Wako Amesema, Baba

Baba,

Kuanzia msimu ujao, Kenya na Uganda zitafunga mazalia ya samaki kwa miezi ile ile, na kukata mafunjo humo kutakatazwa pande zote mbili. Alisema hivyo jana ofisa wa uvuvi hapa Busia, kwenye kikao cha wavuvi wa nchi zote mbili. Nilimwomba arudie, nikaandika neno kwa neno. Ungenitania kwamba nashuku hata salamu.

Tulikuwa karibu kushindwa. Baada ya kukuzika, wavuvi wa Port Victoria walisema hawafungi tena mazalia, na mafunjo uliyoyapanda ukingoni ili samaki wazaliane watayang'oa. Siwalaumu. Sisi tukianika nyavu miezi ya kufunga, mashua za ng'ambo ziliingia na kuvua. "Mwenyekiti, unawafugia Waganda samaki!" walikupigia kelele, nawe ukicheka tu, matope hadi magotini.

Kumbe hukuwa na la kufanya. Mwenyekiti wa wavuvi wa ng'ambo ndiye baba mkwe wa dada Nekesa, na mtu hamsuti mkwe wake. Kila ulipokwenda kumwona ulikula kuku, mkaulizana habari za wajukuu, ukarudi. Nilikukasirikia. Nilikuambia heshima hiyo itatumalizia ziwa. Ukanijibu, "Wewe andika gazeti lako."

Jana mkwe wako alisimama mwenyewe. "Mkwe wangu hakuniambia, nami sikumuuliza. Tulioneana haya mpaka samaki hawa ngege wakaisha. Sasa ameenda. Nimwonee nani haya?"

Niliacha kuandika. Baba, ungekuwepo... Kisha mama mmoja muuza samaki wa kwetu akapaza sauti: "Mzee, ungesema mapema tungekuwa tumeshiba!" Watu wakaangua kicheko, yeye akiwemo, na baada ya hapo hakuna aliyepinga.

Makubaliano hayajatiwa sahihi, kwa hiyo nakuambia ninachojua tu. Wavuvi wetu wameamua mafunjo yako yabaki. Mashua mbili, moja ya kila upande, zitakwenda pamoja kuweka maboya kuonyesha mazalia yanapoishia. Mkwe wako ameniita nipande mashua yake, na nimekubali.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hili: boya likiwekwa mahali pasipo pake, nitamwambia papo hapo, watu wote wakisikia. Tunaondoka Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi.