Upanga wa Babu Yako Nilioukataa

Nyumba Na. 6,
Mtaa wa Kanisa la Juu,
Burra, Australia Kusini.
17 Juni 2018

Mpendwa mwanangu Kerensa,

Pokea salamu zangu huko Dunedin, wewe na mumeo Tavita. Je, kile kikohozi kimekuachia? Na Tavita, mgongo wake vipi tangu mhame nyumba? Sisi huku tu wazima. Umande unaganda asubuhi mpaka majani yanalia chini ya viatu, na goti langu la kushoto linanung'unika kila ninapopanda ngazi, lakini linapanda. Mama yako amepika marmaledi ya kulisha kikosi kizima. Baba yako hajambo, na habari zake zinakuja.

Barua yako niliisoma jikoni, nikairudia. Nimefurahi sana kusikia umejiunga na hao wenzako wanaocheza mapigano ya kale. Nilidhani wazimu huo wa ukoo ungeishia kwangu na kwa baba yako. Lakini nilipofika pale unaposema umeona dukani upanga unaong'aa, wenye kichwa cha simba kwenye mpini, na kwamba ndio utakaoingia nao katika pambano lako la kwanza, niliweka kikombe chini. Hapana, Kerensa. Huo ni upanga wa kutundikwa ukutani. Simba huyo mwache dukani.

Umelalamika pia kwamba ulimuuliza baba yako ununue upanga gani, naye akakujibu kwa maneno matatu tu, "Muulize shangazi yako." Ukauliza kama tumegombana. Tuligombana, tena sana. Heri uyapate kwangu kuliko kwa Neville Schirmer, maana Neville ataongeza chumvi.

Tena ni huyo huyo Neville, fundi bomba wetu mwenye sauti ya tarumbeta, aliyeanzisha yote. Mwaka juzi alikuja mazoezini na upanga kama huo wako, chuma kisichoshika kutu, unameremeta kama kijiko cha harusi, ndiyo maana tunamwita bwana kijiko. Nje ulikuwa wa mfalme. Ndani ya mpini, pale pasipoonekana, shina la ule upanga lilikuwa jembamba kama penseli na limechomelewa ovyo. Hata jasho halijatutoka, chuma kikachomoka. Neville akabaki ameshika mpini mtupu, anaukodolea macho. Chuma chenyewe kiliruka juu ya kamba za watazamaji kikajichoma ardhini kando ya kigari cha mtoto. Mtoto alikuwa amelala na hakuamka. Mama yake alisukuma kigari akaondoka, na hatukumwona tena.

Jioni hiyo hiyo kikundi kikanichagua mimi kuwa mkaguzi wa silaha. Walisema nimeshona matandiko ya farasi maisha yangu yote na jicho langu halisamehe mshono mbaya. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nikisema hapana, ni hapana, kwa yeyote, na hakuna wa kumkatia rufaa. Mkono wa kwanza kuinuka kuniunga mkono ulikuwa wa baba yako, nahodha wetu.

Sasa njoo kwenye maonyesho yetu ya Machi mwaka huu. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Watu walijaa kuzunguka uwanja, wengine wamepanda juu ya pikapu zao. Mimi nilikuwa langoni na meza yangu, na kila mpiganaji alilaza silaha yake mbele yangu kabla ya kuingia. Baba yako akaja wa mwisho, kama nahodha, akaweka mezani upanga ule unaoujua, ule uliokaa juu ya kabati la vyombo kwenu tangu hujazaliwa. Babu yako aliufua kwa springi ya lori, akampa baba yako Denzil siku ya harusi yake.

Niliupitisha kwenye soksi kuukuu ya nailoni, nayo haikunasa popote. Ukingo ulikuwa laini. Kisha nikaugonga kwa mpini wa bisibisi. Upanga mzima hulia kama kengele, lakini huu ulitoa sauti ya kikombe kilichopasuka. Nikaumwagia spiriti karibu na kikingio cha mkono, nikapangusa, nikauinua juani. Palikuwa na mstari, mwembamba kama unywele.

"Denzil, huu hauingii," nikasema.

Alicheka. "Acha utani, Morwenna. Watu wanangoja."

"Una ufa, hapa chini ya kikingio."

"Huo ni mkwaruzo. Upanga huu umeishi miaka mingi kuliko ndoa yako."

"Ndiyo maana umechoka."

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na shingo ya baba yako ikawa nyekundu. Unamjua. Neville, aliyekuwa apambane naye, akapaza ile sauti yake, "Nahodha, msikilize dada yako! Mimi sina haraka ya kufa, kuna choo cha kanisa sijamaliza kukitengeneza!"

"Nyamaza, bwana kijiko!" baba yako akamkemea. Kisha akaniinamia, akasema taratibu ili wengine wasisikie, "Baba aliufua kwa mikono yake. Unataka kuniambia Baba hakujua kazi?"

Hilo lilinichoma, Kerensa. Nilimpenda yule mzee kama alivyompenda yeye. Lakini nikamwambia, "Nakuambia chuma kina ufa. Baba angekuwa hapa angeuona kabla yangu."

Akauchukua upanga mezani akaelekea langoni. Nikanyanyua ngao yangu, nikasimama katikati ya lango.

"Utanipiga mbele ya watu wote hawa?" akauliza.

"Hutapita, kaka."

Nilimpa upanga wangu auchukue. Hakuutaka. Alitupa glavu zake mezani, akaenda kuketi ndani ya pikapu na kufunga vioo vyote, joto lile lote. Ikabidi mimi niongoze upande wake, na umri wangu huu na goti langu hili. Tulipigwa, mwanangu, tulipigwa kipigo cha mbwa mwizi. Lakini kila mtu alirudi nyumbani na macho yake mawili.

Baada ya hapo alininunia. Tulipopishana dukani alisoma maandishi kwenye makopo ya maharagwe mpaka nipite. Wifi yangu, mama yako, akawa mjumbe baina yetu, akileta pasti za nyama upande huu na kurudisha sahani upande ule, na hakulisema jambo lenyewe hata kidogo. Nililia, sikufichi. Lakini kila nilipofikiria kumwendea niombe radhi, nilijiuliza naomba radhi kwa lipi. Basi sikwenda.

Mwezi wa tano ulipoanza akapiga simu. "Kesho asubuhi nakwenda Clare. Kuna mama anayepima nyufa kwenye mitambo ya migodi. Unakuja au huji?" Akakata kabla sijajibu. Nikaenda.

Yule mama alitupokea vizuri, hakuuliza kwa nini ndugu wawili wazima wamesafiri na upanga uliofungwa kwenye taulo. Aliupaka rangi nyekundu, akangoja, akaupangusa, kisha akaunyunyizia unga mweupe. Mbele ya macho yetu ule ufa ukajichora wenyewe mwekundu juu ya weupe, ukizunguka nusu ya upanga.

"Utavunjika?" baba yako akauliza.

"Utavunjika. Lini, siwezi kukuambia. Labda baada ya miaka kumi. Labda kesho."

Baba yako akanigeukia, uso umemng'aa. "Umesikia? Miaka kumi!"

"Nimesikia na kesho."

Tukashika njia ya kurudi. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hata akininunia hadi kaburini, upanga ule hautapita lango langu. Tulipofika kwenu hakunipeleka nyumbani. Aliingia karakana, akaubana upanga kwenye jiliwa, akaniambia, "Shika hapo mwishoni, usiache ucheze." Nilidhani anataka kuuchomelea, na nikaanza kumwambia kwamba kuchomelea ni kuuficha ufa tu. Kumbe ameshachukua grainda.

"Denzil, si lazima uukate," nikamwambia. "Utundike ukutani."

Akatikisa kichwa. "Nikiutundika, siku nitakayolewa nitautundua. Najijua."

Akavaa miwani ya kazi, akaukata. Cheche zilijaa karakana nzima. Mimi nilikaza mikono ili upanga usicheze. Kipande kilipoanguka sakafuni alizima mashine.

"Baba angenizaba kofi," akasema.

"Angetuzaba sote wawili, kisha angetuuliza kwa nini tumechelewa."

Akacheka kidogo tu. Tukaingia ndani kula, na mama yako alipotuona tumekuja pamoja akaongeza sahani bila kuuliza.

Basi ndiyo maana alikujibu hivyo. Hakuwa na hasira nawe.

Sasa sikiliza yale utakayoyafanya. Kabla ya upanga, nunua glavu. Nasema kabla, kwa sababu upanga wenzako watakuazima lakini vidole hakuna wa kukuazima. Zifunike ncha za vidole na kifundo cha mkono, na uzijaribu kwa kushika yai bichi. Ukilivunja, ni ngumu mno, hutaweza kuushika upanga vizuri. Tavita akikucheka ukishika mayai dukani, mwambie ni amri yangu.

Kofia ya chuma usinunue kwa sura. Itikise kichwani kwa nguvu, na ikizunguka irudishe. Iwe na mto mnene ndani na mkanda wa kidevu unaokaza, na matundu ya uso yawe madogo kiasi kwamba ncha ya upanga haiwezi kupenya. Watu husahau koo. Wewe usisahau, vaa kinga ya shingo hata siku ya mazoezi mepesi, maana siku ya mazoezi mepesi ndiyo siku ya uzembe. Lile koti nene la matabaka nitakushonea mwenyewe. Nitumie vipimo vyako, na usijipunguze kiuno.

Kwanza jifunze kwa upanga wa mti. Ukaguliwe kila siku, na ukianza kutoa vibanzi uende jikoni ukawe kuni. Ukifika wakati wa chuma, muulize muuzaji shina la upanga lina upana gani ndani ya mpini. Akibabaika, muage. Kiwe chuma cha springi, kinachopinda na kurudi. Ndani ya bahasha nimekuwekea sarafu zetu mbili. Ile kubwa ya senti hamsini ni kipimo cha ukingo, usikubali ukingo mwembamba kuliko unene wake. Ile ndogo ya senti tano iweke juu ya ncha. Ncha ikijitokeza nje ya duara lake, bado ni kali, ipigwe tupa.

Na nakuomba uwe mtu wa kusema hapana. Umeandika kwamba kikundi chenu ni kichanga na hakuna anayekagua, kila mtu anaona haya kumwambia mwenzake. Anza wewe. Weka meza langoni. Watakuita bibi harusi wa chuma na majina mengine mabaya zaidi, mimi nimeitwa yote. Majina hayatoboi jicho.

Jumapili iliyopita baba yako alikuja mazoezini na upanga mpya aliouagiza kwa mfua chuma wa mjini. Alipanga foleni kama wengine, nyuma ya Neville, akaulaza mezani kwangu, akafunga mikono nyuma. Niliugonga, ukalia vizuri. Nikaupitisha kwenye soksi. Karibu na ncha, ikanasa.

"Kuna kijino," nikasema. "Rudi ukakipige tupa."

Alitukana, na neno lile sitaliandika barua ikisafiri mbali hivi. Kisha akauchukua upanga wake, akaketi juu ya ndoo nje ya banda la mazoezi, akaanza kupiga tupa, sisi tukaendelea bila nahodha. Aliporudi nilimpitisha.

Nisalimie Tavita na mama mkwe wako, na umwambie yale mapishi ya taro, magimbi ya kwao, yalinishinda ila nitajaribu tena. Mume wangu Bruno anakusalimu. Mama yako anakutumia busu na chupa za marmaledi, posta ikikubali. Neville anasema ukija Pasaka atakupa mafunzo. Usimkubalie.

Mungu akulinde mwanangu, akupe mkono imara na jicho lisiloona haya, na akurudishe kwetu ukiwa na vidole vyote kumi.

Shangazi yako akupendaye sana,
Morwenna