Mguu wa Kushoto

Ijumaa, 6 Agosti 1999

Mkanda mpya umefika na basi la Lindi. Nimechoka hata kabla ya kuutazama. Wiki hii nimetafsiri sinema kwa kipaza sauti mara tisa, koo limekauka, na mume wangu Cletus anasema mkanda huu ndio utakaojaza kibanda chetu cha video. Kila mkanda ndio utakaojaza kibanda!

Tumeutazama wawili tu, mlango umefungwa, jenereta inakohoa nje. Wanafunzi watano wa sekondari wako kwenye nyumba kando ya ziwa. Mtu mwenye kinyago cheupe anawachinja mmoja mmoja. Basi.

Uzuri wake: kimya. Muziki unakatika, bomba linadondosha maji, msichana ambaye ndiye steringi anasikiliza — na wewe unasikiliza naye. Mume wangu, baba wa watoto watatu, alipandisha miguu juu ya benchi! Nilicheka mpaka machozi. Na msichana mwenyewe jasiri, halii ovyo.

Ubovu: wenzake hawana akili hata ya kuku. Muuaji yumo ndani, mmoja anakwenda kuoga. Kuoga! Hakuna anayepiga yowe majirani waje. Hakuna hata jirani. Mwisho kinyago kinavuliwa: kumbe ni binamu wa yule msichana, wamelelewa nyumba moja. Hapo ndipo nilipokasirika. Ulelewe na mtu, usimjue kwa mwendo? Aliyetunga sinema hii hajawahi kuishi na watu.

Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane. Onyesho la saa tisa alasiri. Kibanda pomoni — wanawake mbele na watoto mapajani, wazee benchi la nyuma.

Nimeharibu.

Kinyago kilipovuliwa watu wakaguna. Mimi na kipaza sauti changu, uchovu na ujuaji, nikaongeza langu: "Msichana mjinga huyu! Mimi mume wangu avae kinyago chochote, nitamjua kwa mguu wa kushoto!"

Wanawake wakaangua kicheko. Kisha kikakatika. Benchi la nyuma hakuna aliyekohoa.

Jumamosi vijana wanatoka jandoni, na midimu, vinyago vyetu vya ngoma, itacheza. Kwetu Wamakonde, ndani ya kile kinyago hamna mtu. Ni mzimu umekuja kucheza, na sisi wanawake tunapiga kelele na kukimbia. Bibi alijua aliyemo, mama alijua, kila mwanamke anajua. Hatusemi tu. Miaka kumi na mmoja nimemkimbia Cletus, mguu wake wa kushoto ukitupwa nje kidogo tangu alipoanguka mkoroshoni, nami napiga kelele kuliko wote. Ilikuwa heshima yangu kwake. Leo nimeimwaga kwenye kipaza sauti.

Jumanne, 10 Agosti

Mzee Bonaventura alikuja asubuhi. Ni mjomba wake Cletus, na ndiye mkuu wa jando. Shikamoo yangu aliiitikia akiitazama jenereta. Maji hakunywa. Walizungumza nyuma ya nyumba, nikasikia kidogo tu — kwamba mzimu ukishapewa jina la mtu, hauchezi tena. Cletus alijibu, "Ndiyo, mjomba." Mara tatu.

Kisha akaenda kupuliza salfa kwenye mikorosho. Amerudi manjano mwili mzima, akaoga, akala. 

Alhamisi, 12 Agosti

Mkanda ule ule tena, watu wanautaka. Nimetafsiri kavu, neno kwa neno. Wamelalamika. Njiani kwenda kisimani jirani yangu Restuta akanitania: "Kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi, au siyo mama?" Sikucheka.

Midimu ikikaribia, kila jioni Cletus huaga kwamba anakwenda shambani kufukuza nguruwe. Nami, nijuaye anakoelekea kweli, humjibu, "Uende salama, mwaka huu nguruwe wamezidi." Jana hakuaga. Leo hakuaga. Amekaa anatengeneza deki ya video ambayo haijaharibika.

Nataka kumwomba radhi. Lakini nikimwomba, nimelisema mara ya pili. Inaniuma! Mtu huyu hana kitu anachokipenda kama Jumamosi ile moja ya mwaka.

Jumamosi, 14 Agosti

Asubuhi Cletus aliondoka bila neno. Nikapata tumaini — labda mjomba amelegeza.

Saa kumi ngoma zikaja. Kinyago kikaingia uwanjani kwetu, kikaruka, vumbi likatimka. Nikatazama miguu. Yote miwili imenyooka.

Tukapiga kelele, tukakimbia. Nami, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilikimbia kweli. Sikumjua! Nilijificha jikoni kwa Restuta natetemeka. Akadhani naigiza, akanisifu.

Nimerudi nyumbani. Kumbe Cletus alikuwa kibandani kutwa nzima, peke yake, televisheni imezimwa. Sasa amekuja, amesimama mlangoni. Ngoma bado inalia kule. Ameniuliza huku akitazama nje: "Midimu imechezaje mwaka huu?"

Nikisema vibaya, nimekiri kwamba wa mwaka jana namjua. Nikisema vizuri, nimemmaliza. Nimeinamia daftari, najifanya naandaa mkanda wa kesho. Hajaondoka. Anangoja, mguu wa kushoto umeshavuka kizingiti —