Usiiwashe Ile Pikipiki, Baba

Mbaraki, Mombasa
Jumatatu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi. Watu huandika "natumai barua itakukuta mzima" kwa mazoea tu, lakini leo nayaandika maneno hayo nikiyamaanisha. Mguu wako vipi? Na baridi ya Wundanyi je, imepungua? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hauko sawa.

Juzi usiku simu zenu hazikupatikana. Jana asubuhi nilikupigia, ukapaza sauti "sawa, sawa, nimekusikia," ukakata. Hukuwa umesikia lolote. Nilipompigia mama, akasema umeshateremka kwenda kanisani na pikipiki. Nilikaa chini palepale nilipokuwa. Uliporudi salama alinipigia, na sikuona haya kulia mbele ya watu. Yeye nimemweleza yote, lakini anasema wewe huambiliki, na ufunguo unalala nao mfukoni. Ndiyo maana nampa jirani yetu Mwakio barua hii. Ameshusha kabichi zake sokoni Marikiti na sasa anarudi huko na lori tupu.

Baba, Shee amekufa.

Ni yule kijana wa Mji wa Kale niliyekuwa nikikuhadithia, anayezijaribu pikipiki barabarani baada ya sisi kuzitoa masandukuni na kuziunganisha. Ndiye aliyenipokea nilipoingia kazini nikiwa sijui mtu, akanifundisha hata kula mahamri kwa mbaazi. Jumamosi asubuhi alitoka na pikipiki mpya, ya aina ile ile yako. Alizunguka hadi Ngome ya Yesu akarudi, kama kila siku. Alipokaribia lango letu akapita juu ya tuta, mimi nikimtazama, na fremu ikakatika shingoni, pale usukani unapoingia. Gurudumu la mbele likaenda kwake, naye akaenda kwake. Nilipofika, injini ilikuwa ingali ikinguruma, imelala ubavu. Niliizima kwanza, sijui kwa nini, ndipo nikamshika yeye. Alikuwa ameshakwisha.

Unakumbuka siku pikipiki yako ilipofika? Uliizunguka ukiguna. Injini ya India, taa za China, breki za Taiwan. Ukasema Waingereza wamefufua jina tu, maiti wameiacha kaburini, na mama akacheka hadi akashika mlango. Halafu ukaigonga fremu kwa kidole, ukasema, "Hiki ndicho chuma cha Uingereza chenyewe." Nami nikakubali, maana ndivyo tunavyoambiwa kazini: vingine vyote vimetoka ugenini, ila fremu ni ya kwao.

Basi Baba, injini ya India ni nzima mpaka sasa. Taa haikupasuka hata kioo. Kilichokatika ni kile ulichokigonga. Nilikitazama kwa karibu. Pale palipochomelewa, chuma hakikushikana na chuma, kilikuwa kimegusana juu juu tu, kisha kikapakwa rangi nyeusi inayong'aa. Kwa jicho huioni kasoro hiyo, kwa hiyo usiniambie utaikagua, wala usimwite fundi wa hapo sokoni. Watu wa huku husema la kuvunda halina ubani. Ile uliyokuwa ukipandia milima enzi zako za ubwana shamba ilikuwa pikipiki nyingine, hata kama jina kwenye tangi ni lile lile.

Meneja ametuita akatuambia tukiulizwa tuseme Shee alikuwa akienda kasi, na kwamba vipuri vya kigeni ndivyo vyenye matatizo. Wenzangu wawili wameitikia. Siwalaumu sana, wana watoto.

Alizikwa siku ile ile. Sisi Wakristo wa kazini tulisimama nje ya msikiti, kisha tukafuata jeneza hadi makaburini. Jioni nilikwenda kwao kumpa mamake pole. Alikuja hadi mlangoni, leso kichwani, macho yamemvimba.

"Mwanangu, wewe ndiwe ulokuwa ukifanya kazi na Shee? Nambia kweli. Watu wanambia alikuwa akenda mbio."

Nikamwambia, "La, mama. Alikuwa akienda polepole. Chuma ndicho kilichokatika."

Akauliza, "Ziko nyengine ndiani?"

"Ziko barabarani, mama. Moja iko kwa baba yangu, bara."

Akanitazama. "Basi umeketi hapa wangoja nini?"

Ningepanda basi papo hapo. Lakini polisi wametukataza kutoka mjini hadi wamalize kutuhoji, na nitawaambia yale yale niliyomwambia mama huyu, kazi iishe ikitaka. Kwa hiyo namtuma Mwakio. Nimempa spana. Kabla hajanywa chai atang'oa gurudumu la mbele aje nalo huku. Usimkatalie, wala usimwambie kwamba mtoto hamfundishi baba.

Najua uliiuza ile ya kwanza ili nisomee ufundi, na mimi ndiye niliyeapa nitakurudishia. Baba, nimekuletea kifo chenye jina zuri. Zile kona za kuteremkia Mwatate nazijua zote, na tangu juzi kila nikifumba macho nakuona kwenye mojawapo. Nenda kanisani kwa miguu. Mguu ukiuma, salia nyumbani.

Mwambie mama ahsante kwa kunipigia. Nisalimie dada Mkawasi na mumewe, na mzee wa kanisa anayekushika mkono kwenye ngazi. Bibi mwambie namwombea, naye amwombee Shee, Mungu atamjua.

Usijisumbue kunijibu. Nikiliona gurudumu juu ya kabichi za Mwakio, nitajua barua imekukuta mzima.

Mwanao,
Mghanga