Nilisubiri bei ishuke, mwanangu akapita mstari

Mshauri mpendwa, nisaidie, na kama msaada wenyewe utaanza kwa kunigombeza basi nigombeze tu, kwa sababu mke wangu ameshanigombeza mpaka akachoka na sasa amebaki kunihurumia, na huruma yake inaniuma kuliko maneno yake.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina mke na mtoto mmoja wa kike ambaye tunamwita Kijiti kwa wembamba wake, na huyu Kijiti alipoingia darasa la kwanza alirudi siku moja na habari kwamba kwenye ile bustani kubwa ya michezo nje ya mji kuna treni ndogo ya watoto inayoingia pangoni, na humo pangoni kuna tembo wa bandia anayepiga chafya ya maji, ukikaa behewa la mbele unalowa mpaka soksi, rafiki yake alilowa, naye akataka kulowa. Nikamwambia tutakwenda. Sikumdanganya, mshauri, pesa ya kumpeleka ilikuwepo, niliitenga wiki ileile nikaiweka kwenye kopo la vifungo, na naapa haikuguswa.

Tatizo lilianza nilipoingia kwenye simu kununua tiketi, maana kule hawana bei moja kama sisi tunavyouza sare, wana kalenda, na kila siku kwenye kalenda ina bei yake na rangi yake, nyekundu ni ghali, njano ni ya wastani, kijani ni rahisi, na hata hiyo bei haitulii, watu wakinunua kwa wingi inapanda, wakipungua inashuka, asubuhi unaikuta hivi na mchana unaikuta vile, nikapiga simu kuuliza bei halisi ni ipi, dada aliyepokea akaniambia kwa upole, "Baba, bei halisi ni hiyo unayoiona sasa hivi." Basi nikajiambia mimi si mjinga, nitaisubiri. Likizo ya kwanza ikawa nyekundu tupu, nikamwambia Kijiti bado kidogo. Likizo ya pili nikaikuta njano, nikafika mpaka sehemu ya kulipa, mteja akaingia anataka kubadilishiwa zipu, nikamhudumia, niliporudi kwenye simu bei imeshapanda, nikapandwa na hasira nikaizima, nikasema hawa watu hawawezi kunichezea, na kuanzia siku hiyo, nakiri, haikuwa tena safari ya mtoto, ulikuwa ugomvi wangu na ile kalenda.

Nikiamka naangalia rangi, nikikata kitambaa naangalia rangi, wateja wakazoea kuniuliza, "Fundi, leo rangi gani?" tunacheka. Mke wangu hakucheka. Aliniambia, "Baba Kijiti, nunua mtoto aende, hiyo tofauti yenyewe ni ya sare moja tu." Nikamjibu kwamba suala si pesa, suala ni kukataa kufanywa mjinga. Kijiti mwenyewe mwanzoni alikuwa ananiuliza kila Ijumaa, kisha akawa anauliza mara moja kwa mwezi, kisha akawa anachungulia tu simu yangu, anaiona ile rangi, anakwenda zake.

Miezi kumi na minne, mshauri. Ndipo ikatokea Jumatano moja ya kijani, bei nusu, nikanunua bila hata kuvuta pumzi, nikamwombea ruhusa shuleni, tukaenda sisi wawili kwa kuwa mama yake alikuwa kazini. Kumbe siku ya kijani ina sababu zake, michezo mingi ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, hata pa kuuzia aiskrimu palifungwa, lakini treni ilikuwa inatembea na foleni yenyewe fupi. Mbele yetu alikuwepo baba mmoja na mapacha wake, nami kwa furaha nikamwuliza kalipa kiasi gani, akaniambia amenunua getini asubuhi hiyohiyo, ikawa karibu mara mbili ya bei yangu, nikamcheka, nikamwambia ungesubiri bwana, nikamwonyesha na simu. Uso wake ukabadilika. Alikuwa anataniana na watoto wake, akaacha, akabaki anatazama simu yake mpaka zamu yao ikafika. Hilo nalo linanikaa moyoni, nilimharibia mtu siku yake bure.

Pale pa kupandia kuna ubao wenye mstari mwekundu, mtoto aliye chini ya mstari anapanda, aliyeuzidi hapandi, maana mabehewa ni madogo na pango ni fupi. Mapacha wakapita. Kijiti akasimama, kichwa kikauzidi mstari kwa vidole viwili. Dada wa pale akatabasamu akasema, "Pole mdogo wangu, umeshakuwa mkubwa." Nikabisha. Nikasema ubao wao umekosewa, mimi ni fundi, napima watoto kila siku ya Mungu, nikatoa utepe wangu mfukoni nikampima mwanangu mbele ya watu, kutoka kisigino mpaka utosini, na utepe wangu ukakubaliana na ubao wao. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalolijutia kuliko yote, nikamwinamia nikamnong'oneza, "Kijiti, legeza magoti kidogo." Akalegeza. Yule dada akaona, akasema taratibu, "Baba, mwache mtoto asimame." Kijiti akanyooka, hakulia, akanishika mkono akaniambia, "Twende tu baba, haidhuru." Mimi ninayepima watoto wa watu, mimi niliyeshusha upindo wa gauni la huyuhuyu Kijiti mara mbili katika mwaka mmoja kwa mikono yangu, sikujua kwamba mwanangu anakua.

Kama yangeishia hapo ningenyamaza. Lakini wiki iliyopita nilimwona anachechemea akitoka shule, nikamvua viatu, nikakuta visigino vyote viwili vimechubuka na viatu vimembana hasa, nikamwuliza tangu lini, akasema tangu shule ifunguliwe, nikamwuliza sasa mbona hukuniambia mwanangu, akanijibu bila hasira yoyote, kama anayemkumbusha mtu jambo ambalo wote mnalijua, "Nilikuwa nasubiri bei ishuke." Nikatoka nje nikasimama nimeegemea ukuta.

Mwanangu haniombi kitu tena, mshauri. Daftari likiisha anamnong'oneza mama yake. Na sasa ile bustani imenitumia ujumbe kwamba kuna punguzo kwa michezo ya watoto wakubwa, nami natamani nimpeleke nimpandishe kila kitu mpaka achoke mwenyewe, ila mke wangu anasema nisithubutu. Nifanye nini ili mwanangu arudi kuniomba?

Ni mimi,
Fundi wa Sare

Mshauri anajibu:

Ndugu Fundi, pole. Nimelitanguliza hilo ili usije ukadhani sina moyo, maana yanayofuata si matamu.

Hukumkosesha mtoto treni tu. Treni ni treni, watoto wengi wamekua bila kulowa soksi na leo ni watu wazima wenye akili zao. Ulichomfanyia ni kumfundisha kwamba akitaka kitu kwa baba yake, kwanza aangalie rangi. Amekuelewa vizuri mno. Ni mwanafunzi hodari, na mwalimu ulikuwa wewe, miezi kumi na minne bila kukosa kipindi hata kimoja.

Sitetei ile kalenda. Si wewe wa kwanza kuniandikia habari zake. Kuna mama aliyeniambia kwamba ukoo mzima ulikwenda bustani ya namna hiyo, na badala ya kucheza wakakaa kwenye nyasi wakilinganisha simu, nani kanunua Jumatatu na nani kanunua Jumanne, mpaka shemeji yake akanuna akarudi nyumbani peke yake. Bei ya aina hii inamfanya kila aliyelipa ajione ama mjanja ama mjinga, na wote wawili wanasahau walifuata nini. Wewe uliyaona hayo kwa macho yako kwenye uso wa yule baba wa mapacha. Lakini watoto wake walipanda, Fundi. Uliyekuwa unamcheka ndiye aliyefika kwa wakati.

Na wenye bustani hawakulelei mtoto. Wao wanauza tiketi. Mkeo alikupa hesabu nzima kwa sentensi moja, tofauti ni sare moja, nawe mtu mzima na ndevu zako ukaona bora ugombane na simu. Nilipofika pale ulipotoa utepe mfukoni niliiweka barua yako mezani nikaenda kunywa maji. Jamani! Mtoto anaambiwa amekuwa mkubwa, neno ambalo kila mtoto analitamani, na baba yake anatafuta ushahidi kwamba si kweli.

Sasa nisikilize. Mkeo yuko sahihi, usimpeleke. Ukimpeleka kwa sababu ya huo ujumbe wa punguzo utakuwa unaituliza dhamiri yako kwa bei nafuu, naye atapanda kila mchezo huku akikutazama kama umeridhika. Ifute kalenda hiyo kwenye simu yako leo. Wateja wakikuuliza rangi gani, waambie duka hilo limefungwa.

Halafu viatu. Umeniandikia habari ya visigino kwa kirefu, lakini hujaniambia kama umemnunulia viatu vingine, na ukimya huo umenitia wasiwasi. Kama bado, acha kusoma, mchukue mwende. Achague mwenyewe. Atageuka kukuangalia usoni kabla ya kuvishika, kwa hiyo uso wako na uwe tayari. Usimwulize muuzaji kama anaweza kupunguza. Lipa mtoke, na njiani mzungumze habari nyingine.

Jioni hiyo kaa naye umwombe msamaha, na usimwombe kwa jumla. Wazazi tunapenda sana kusema nisamehe kwa yote, kwa sababu hilo "yote" halituumi. Litaje jambo lenyewe: nisamehe kwa kukuambia ulegeze magoti. Mwambie kwamba hakukosea kukua. Usishangae nikikuambia kwamba mtoto yule anaamini alikosea, kwamba angekuwa mfupi kidogo baba yake asingeaibika mbele za watu. Hilo ndilo jeraha, na limekaa ndani zaidi kuliko la kisigino. Huenda akakujibu tena kwamba haidhuru. Mwambie inadhuru. Kisha nyamaza, usijitetee, usianze kumweleza habari za bei.

Kuhusu treni, sina dawa. Imepita. Usimtafutie ya kufanana nayo na usimwambie kuna mambo mazuri zaidi mbele, hata kama ni kweli. Mwambie unasikitika kwamba hakuipanda, basi. Mnaweza kusikitika wote wawili, si vibaya, na huenda hilo likawa jambo la kwanza mlilofanya pamoja kwa muda mrefu.

Baada ya hapo itachukua siku nyingi, na wala usianze kumwuliza kila asubuhi unataka nini, unataka nini, atakukimbia. Subiri. Kusubiri unakuweza, tumeshaona. Kisha siku moja, ukiwa na wateja watatu wamesimama na kazi ya watu imelala mezani nusu haijakatwa, atakuja kusimama kando ya cherehani na ombi la kipuuzi kabisa, kasuku, viatu vya magurudumu, ngoma, kitu ghali kisicho na kazi yoyote nyumbani kwenu. Una haki ya kumwambia hapana. Lakini kabla ya kumjibu, weka mkasi chini, waombe wateja radhi, mvutie kiti, na mwache akuombe mpaka amalize.